Adan na Wanawe, Tangu 1957

Risasi ya pili ilipiga maji kando ya kiwiko chake.

Bonaya hakuinama. Alisokota mkono wa injini, Yamaha ikanguruma, na boti yake ya mpira ikainua pua. Mbele yake mashua ya chuma ilikuwa ikikata kona kati ya vichwa vya miti ya mikoma iliyozama, imesheheni magunia mpaka karibu izame. Mwendeshaji wake aligeuka kila baada ya muda na kufyatua bastola ovyo, kama mtu anayemtupia mbwa mawe huku anakimbia.

Ya tatu ikapita juu.

Ya nne haikulia. Bastola ilikuwa imekwama.

"Zima injini," Bonaya alisema. Hakupaza sauti. Bastola yake ya Ceska ilikuwa mkononi, imetulia, na yule mtu aliiona vizuri. Injini ikazimwa.

Mahali pale palikuwa malisho. Bonaya alichunga hapo utotoni, akalala hapo, akaumwa na nge hapo. Kisha mvua za Elnino zikaja, mto Tana ukapoteza kingo zake, na sasa, Januari 1998, kutoka Garsen mpaka kukaribia Kipini yalikuwa ni maji tu yenye rangi ya chai ya maziwa. Watu walikuwa wamekimbilia vilima vilivyobaki, wafugaji huku, wakulima kule, wote wakingoja unga wa msaada.

Magunia yalikuwa ya unga huo. Bonaya alichana la kwanza kwa kisu. Akaingiza mkono hadi begani, akagusa kitu kigumu kilichofungwa kwa nailoni, akakivuta.

AK-47. Mpya, ina grisi bado.

"Jina lako."

"Abdulsalam." Mtu mwenyewe aliinua mikono juu. "Wa Kipini. Mie ni nahodha tu, bwana. Hii bastola nimepewa, hata kuitumia siijui."

"Nimeona. Nani alikupa?"

"Mzungu. Marek yuwaitwa. Kesho alasiri yuwaja mwenyewe na mashua kubwa. Nusu za wafugaji, nusu za wakulima wa Hewani. Kila upande utaambiwa wenzenu wameshapata."

Wafugaji na wakulima wa Tana walikuwa na ugomvi wao wa miaka, wa njia za maji na mashamba yaliyoliwa. Lakini ulikuwa ugomvi wa fimbo na mabaraza. Watu hao hao, juzi, walikuwa wakigawana unga kwenye kilima kimoja.

"Msaada hubebwa na wenye kibali. Marek amekipata wapi?"

"Si chake. Cha kampuni. Mie sijui jina. Tumeambiwa tukisimamishwa tuseme ni kampuni kongwe, ya mwaka wa hamsini na saba, haiguswi."

Bonaya alimfunga mikono, akaifunga mashua nyuma ya boti yake, akageuza kuelekea Garsen.

*

Hoteli aliyofikia ilikuwa na maji hadi magotini kwenye ukumbi wa kulia, na mwenye hoteli aliendelea kuuza chai kama kwamba hakuna kitu. Bonaya alimkabidhi Abdulsalam kwa wenzake wawili wa Idara ya ujasusi waliokuwa wamepiga kambi kituoni. Kisha alipanda juu ya paa. Akafungua simu ya setilaiti, akaelekeza kifuniko chake mbinguni.

"Yangeyange kwa Zizi."

"Sema." Ilikuwa sauti ya Rosina, mkuu wake, kutoka Nairobi. Rosina ndiye aliyempa jina la Yangeyange, yule ndege mweupe anayefuata ng'ombe. Alidhani ni utani mzuri kwa afisa aliyezaliwa zizini.

Bonaya alimweleza. Bunduki. Unga. Marek. Kesho alasiri. Hamsini na saba.

"Marek ana pasipoti tatu na hana nchi hata moja," Rosina alisema. "Aliyemtuma anautaka uwanda huo wote, bila watu. Kwa hiyo kibali ndicho kamba yake. Kata kamba. Fungua Safu."

Bonaya alifungua kompyuta yake ya Toshiba, akaingiza sidii.

Safu ilikuwa kazi ya Danson, fundi wa kompyuta wa Idara, kijana mwenye miwani mizito na majigambo mazito zaidi. Alikuwa amekusanya kampuni zote zilizosajiliwa nchini, pamoja na majibu ya fomu ambazo kila kampuni ilitumiwa mwaka wa tisini na sita. Ukibonyeza kitufe kimoja, zilijipanga kwa umri, kongwe juu, changa chini. Ukibonyeza kingine, zilijipanga kwa ukubwa: watu, magari, mifugo, maghala. Serikali ilikuwa imeamua kwamba msaada wa mafuriko ubebwe na kampuni zenye zaidi ya miaka thelathini tu, maana kampuni zilizozaliwa jana zilikuwa zimejitokeza kwa wingi ziliponusa magunia. Marek alikuwa amehitaji kampuni kongwe. Asingeweza kuizaa. Ilibidi aikodi.

"Nimepanga Pwani yote kwa umri," Rosina alisema. Naye alikuwa na Safu mezani kwake. "Za hamsini na saba zipo chache. Kubwa kati yao iko Mombasa. Malori, maghala, mashua. Ndiyo hiyo."

"Na Tana River?"

"Moja tu. Adan na Wanawe, mifugo na uchukuzi. Ndiyo kongwe kuliko zote wilayani kwenu. Lakini ukiipanga kwa ukubwa ni sifuri. Ni ya mwisho nchi nzima, Bonaya. Hiyo ilishakufa. Helikopta itakuchukua asubuhi. Nenda Mombasa."

Simu ikakatika.

Bonaya alibaki amekodolea kioo macho. Alikuwa amelijua jina kabla Rosina hajalitaja. Alikuwa ameliona pale juu kabisa ya orodha ya wilaya, na moyo wake ukaruka, akajifanya hajaliona.

Alibonyeza, kadi ya kampuni ikafunguka.

Mwanzilishi: Adan, marehemu.

Mwakilishi: Dahabo Adan.

Idadi ya watu: Tupo.

Idadi ya mifugo: Wapo.

Bonaya alicheka. Kisha akaisoma kadi tena.

Danson aliwahi kulalamika kuhusu fomu kama hizo darasani, alipokuwa akiwafundisha maafisa kutumia Safu. "Hawa watu wa Garsen walisoma hesabu kweli? Unawauliza ng'ombe wangapi, wanaandika wapo. Wapo ni ngapi? Kompyuta ikikuta neno mahali pa namba inaweka sifuri." Darasa zima lilicheka, na Bonaya, Mungu amsamehe, alicheka nao. Hakuwaambia kwamba kwao mtu hahesabu ng'ombe walio hai. Hata akiulizwa na jaji. Kilicho hai hakipewi namba, maana ukikipa namba umeshakionyesha kifo mlango. Unasema wapo, basi, na anayeuliza akiwa na adabu anajibu, wazidi.

Wanaohesabiwa ni waliokufa.

Kwa hiyo kampuni ya mwisho nchini haikuwa imekufa. Ilikuwa na mtu aliyelelewa vizuri, akaijibu mashine kama angemjibu mgeni. Rosina asingeweza kuiona hata akae na Safu mwaka mzima. Danson ndiyo kabisa. Katika Idara nzima ni mtu mmoja tu aliyeweza kuisoma kadi hiyo, naye alikuwa juu ya paa la hoteli.

Angeweza kwenda Mombasa. Hakuna ambaye angejua. Dahabo angebaki chini kabisa ya orodha, salama, na kesho alasiri bunduki zingefika Hewani.

Alifunga Toshiba, akateremka kwenye boti.

*

Mzee Adan aliita kampuni yake Adan na Wanawe siku aliyooa, akiwa bado hana hata mmoja. Alingoja wana. Wakaja wasichana wawili, mmoja akafa mchanga, akabaki Dahabo. Watu wa Garsen walimtania mzee hadi akazeeka: Adan, wanao hawajambo? Naye alikuwa akijibu bila kununa, "Wanangu yuko pale anakamua." Dahabo alijua ng'ombe kuliko wanaume wengi, na aliujua uwanda ule kwa miguu, kila kichaka na kila bonde.

Bonaya alikuwa amemchumbia. Mahari ilishatajwa, siku ilishapangwa. Ndipo Idara ilipomchukua kwa kile alichowaambia nyumbani kuwa ni semina ya majuma mawili. Hiyo ilikuwa mwaka wa themanini na sita.

Alimkuta kwenye kilima cha kwao, kipande cha ardhi kisichozidi uwanja wa mpira, nyumba chache za nyasi na mbuzi wawili waliolowa. Zizi lilikuwepo. Lilikuwa kimya. Bonaya alilitazama mara moja akaondoa macho.

Dahabo alitoka nyumbani akiwa amejitanda leso, akasimama. Alikuwa amekonda. Alikuwa mzuri vilevile, na hilo lilimuuma Bonaya mahali ambapo alidhani pamekufa ganzi.

"Semina imekwisha?" aliuliza kwa Kiorma.

"Imekwisha."

"Karibu, basi."

Hakumlaumu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alimwekea mkeka, akakaanga buni kwenye samli kama anavyofanyiwa mgeni, akampa kibakuli. Bonaya alipaka samli usoni na mikononi kama alivyofundishwa na nyanya yake, akatafuna buni. Harufu hiyo ilikuwa imekwenda naye kila mahali, kwenye kila chumba cha hoteli katika kila mji ambao hakuruhusiwa kuutaja.

"Zizi," alisema mwishowe. "Maji?"

"Maji, halafu homa. Wale ambao maji hayakuwachukua walitokwa damu puani, wakaanguka."

"Wamebaki?"

Dahabo alimtazama machoni. "Arobaini na mmoja," alisema.

Bonaya aliweka kibakuli chini. Hakuna aliyehitaji kufafanua. Alikuwa amempa namba.

"Najua kilichokuleta. Marek, yule Mzungu, alikuja wiki ile ile," Dahabo aliendelea. "Akasema anataka jina tu. Jina la baba, kibali, yeye atabeba unga, na watu wa hapa watapata kwanza. Nikasema jina hili lilikuwa na ng'ombe, sasa halina kitu, acha basi lilishe watu. Nikatia sahihi. Safari ya kwanza ilikuwa unga kweli. Ya pili gunia likapasuka mbele yangu."

"Ukamwambia nani?"

"Nani alikuwepo wa kumwambia?" Sauti yake haikupanda. "Polisi wanakunywa chai na Marek. Wewe nilikuwa nimeambiwa unauza matairi Nakuru. Kisha nikaambiwa umekufa Sudan. Kisha nikaacha kuuliza."

"Nimeiona fomu yako," Bonaya alisema. "Ile ya mwaka wa tisini na sita."

"Fomu gani?"

"Ya kampuni. Mlipoulizwa watu wangapi, ukaandika tupo. Mzee alikuwa ameshafariki. Tupo akina nani?"

Dahabo alishika ukingo wa leso, akautazama kana kwamba una maandishi.

"Mimi," alisema. "Na yule niliyekuwa namngoja. Nilijiambia nikiandika namba utakuwa umekufa kweli."

Bonaya alifunika uso kwa viganja. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amefundishwa kustahimili kipigo, maji, kukosa usingizi. Hakuna aliyemfundisha hilo. Alilia, na Dahabo akamwacha alie, akakusanya vibakuli polepole kama mtu mwenye siku nyingi mbele yake.

Alipomaliza, alikuja akaketi kando yake, si karibu sana.

"Marek hawezi kupita uwanda huu peke yake," alisema. "Kuna visiki na nyaya chini ya maji. Nahodha wake wa Kipini anajua mto tu. Kesho nitampokea Kipini, nishike usukani mimi, kama kawaida. Unalikumbuka josho la baba?"

Bonaya alilikumbuka. Mtaro wa kuogeshea ng'ombe, kuta za zege, na nguzo za chuma za reli pande zote mbili, alizozichimbia mzee Adan kwa mikono yake. Sasa lilikuwa chini ya maji, kama futi moja.

"Ninajua lilipo hata nikiwa nimefumba macho," Dahabo alisema. "Mashua ya chuma ikilipanda kwa kasi, haitoki."

"Na wewe?"

"Nitaruka. Kuna mkoma wenye panda mbili kabla ya kufika. Nikifika hapo naruka."

"Utaruka kweli?"

"Bonaya, naogelea kuliko wewe. Ni nani aliyekutoa mtoni ukiwa na miaka tisa?"

Alitabasamu kidogo. Lilikuwa tabasamu lile lile, na Bonaya akajua kwamba hakuwahi kupenda mtu mwingine na kwamba amechelewa mno kulisema. Akalisema hata hivyo. Dahabo alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa.

"Nakusikia," alisema. "Likiisha hili, uje useme tena."

*

Asubuhi helikopta haikumkuta.

"Yangeyange, uko wapi?"

"Siendi Mombasa."

"Nani mwenye kibali?"

"Baada ya alasiri, Madam."

"Hilo si ombi. Nipe jina sasa hivi."

Bonaya alizima simu. Ilikuwa mara ya kwanza kumfanyia hivyo Rosina, na kidole chake hakikusita.

Jua lilipoanza kuinama, alikuwa ndani ya boti ya mpira, nyuma ya kichaka cha mitete, mita hamsini kutoka josho. Wenzake wawili walikuwa upande wa pili na bunduki zao aina ya G3. Redio yake ya Motorola ilikwaruza.

"Yangeyange. Mashua inakuja. Watu wawili."

"Nimeiona. Msipige mpaka niseme."

Ilikuwa mashua ndefu, injini mbili, imefunikwa turubai. Dahabo alikuwa amesimama nyuma, mkono kwenye usukani, leso imefungwa kiunoni. Marek alikaa mbele yake, mtu mwembamba mwenye kofia ya kijani, bunduki fupi ya Uzi mapajani. Walikuwa wakija kwa kasi nzuri.

Mkoma wenye panda mbili ukakaribia.

Ruka, Bonaya alisema moyoni.

Lakini Marek aliinuka. Labda aliona kitu kwenye mitete, labda ni pua ya mtu aliyeishi kwa kukimbia. Alinyoosha kidole kushoto, akapiga kelele kwa Kiingereza, ageuze. Akashika mkono wa usukani na kuuvuta.

Dahabo akauvuta upande wake.

Mkoma ulipita. Bonaya aliona wazi, na angeendelea kuona kila siku aliyobakisha duniani, jinsi Dahabo alivyoutupia jicho ule mti, kisha akatazama mbele, kisha akaulalia usukani kwa kifua chake chote. Kama angeruka, mashua ingegeuka. Angeuacha mzigo upite.

Hakuruka.

Mashua ililipanda josho.

Mlio wake ulisikika hadi kifuani. Reli za mzee Adan zilipasua tumbo la chuma toka mwanzo hadi mwisho, injini zikaruka juu zikilia hewani, turubai likafunguka na magunia yakaporomoka majini. Marek alirushwa kifudifudi. Aliinuka akiwa na damu usoni, akamtazama mwanamke aliyeshika usukani, na akaelewa.

"Piga," Bonaya alisema kwenye Motorola.

Uzi ya Marek ililia kwanza.

Ceska ya Bonaya ilifyatuka mara mbili. Ya kwanza ilivunja mkono wa Marek, ya pili ikavunja goti. Mtu wa pasipoti tatu alikaa chini ndani ya maji, akiomba asiuawe, kwa lugha moja baada ya nyingine. Wenzake Bonaya wakamfikia, wakamtia pingu. Bonaya hakumtazama hata kidogo.

Dahabo alikuwa ameegemea ukingo wa mashua, miguu ndani ya maji. Leso ilikuwa inabadilika rangi. Bonaya alimshika, akajaribu kuziba kwa viganja vyote viwili, akajua.

"Ulisema utaruka."

"Alikuwa anageuza." Alipumua kwa shida. "Mashua imesimama?"

"Imesimama. Hakuna bunduki hata moja iliyopita."

Dahabo aligeuza kichwa, akatazama mahali ambapo ncha moja ya reli ilikuwa imechomoza kwenye sakafu iliyopasuka, imenyooka.

"Josho la baba bado zima," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeridhika na fundi.

Hakusema neno jingine.

*

Walimzika siku hiyo hiyo kwenye kilima, kabla jua halijatua. Wakulima wa Hewani walikuja kwa mitumbwi, wakashika majembe pamoja na wafugaji, maana ardhi ilikuwa tope na kaburi lilikuwa linajaa maji. Hawakuambiwa mambo yote. Waliambiwa kwamba binti Adan amekufa akizuia kitu kibaya kisiwafikie, wakaona inatosha. Bonaya aliteremka kaburini kumpokea. Hakutaka mtu amsaidie.

Asubuhi helikopta ilitua kando ya zizi tupu. Marek alikuwa tayari ndani, amefungwa kwenye machela. Magunia yalikuwa yamehesabiwa na kufungwa kwa lakiri. Kule Nairobi watu wanapongezana, Rosina alisema simuni, kisha akasema kwa sauti ndogo asiyokuwa nayo kazini, "Pole, Bonaya. Kibali kilikuwa chake?"

"Kilikuwa cha baba yake. Yeye ndiye aliyesimamisha mashua. Andika hivyo hivyo."

"Nitaandika hivyo hivyo. Danson anakutaka, anasasisha Safu kabla hajasahau. Mvumilie."

Mlio mdogo, kisha Danson, mchangamfu kama mtu aliyelala vizuri.

"Mkuu, kazi safi. Sasa, hii Adan na Wanawe. Naambiwa niifunge. Kufungwa, elfu moja mia tisa tisini na nane, sawa. Lakini kadi yao bado ina yale maneno yao. Siwezi kufunga kadi bila namba. Nisaidie. Mifugo wangapi?"

Bonaya alitazama zizi. Mbuzi mmoja alikuwa amesimama mlangoni mwake, akitafuna kamba.

"Arobaini na mmoja," alisema.

"Arobaini na mmoja! Umeona? Kumbe mnajua hesabu." Vidole vikagonga vitufe. "Na watu? Hapa wameandika tupo. Watu wangapi?"

Upepo wa helikopta ulikuwa umeanza kulaza nyasi kando ya kaburi jipya. Bonaya alifumba macho. Aliwaza kusema tupo. Ilikuwa ulimini kabisa, na kwa kitambo kidogo alihisi kwamba akiisema, mtu atatoka kwenye ile nyumba ya nyasi akiwa na kibakuli cha buni.

"Mmoja," alisema.

"Mmoja. Safi. Haya, tazama inavyopanda. Haiko ya mwisho tena, mkuu."

"Asante, Danson."

Alikunja simu, akaitia mkobani pamoja na Toshiba. Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akafuta samli iliyokuwa imebaki kwenye mkunjo wa kiganja, kisha akabadili mawazo akaiacha. Alivuka uwanja akitembea bila haraka, akapanda helikopta, akafunga mkanda, akamwambia rubani waende.